Mwanaume wa Kukamua Ng'ombe

Simu iliita saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Jumamosi. Saa yangu ya mezani ilionyesha dakika mbili zaidi, lakini huwa iko mbele, nami nina mazoea ya kuzitoa. Mke wangu aliamka kwanza, akatazama kioo cha simu, akanisukumia.

"Ni maman," alisema. "Lakini anataka wewe."

Mama mkwe wangu hakuwa na desturi ya kunipigia. Kwetu, mwanaume na mama wa mke wake huheshimiana kwa umbali. Sili mbele yake, simtazami sana usoni, na habari zote baina yetu hupitia kwa mke wangu. Kwa hiyo niliketi wima kitandani na kufunga kifungo cha juu cha shati la kulalia, kana kwamba angeniona kutoka kule juu kijijini kwake, Kabare.

Aliniambia kwa ufupi. Ng'ombe wake, wa pekee aliye naye, alikuwa amezaa siku chache kabla. Mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu, ambaye ndiye mkamuaji wa nyumba, alikuwa ameondoka jana yake kwenda Kamituga kutafuta dhahabu, bila kumwaga mama yake; habari aliipata kwa majirani. Ndama ananyonya chuchu za upande mmoja, akishiba analala. Upande wa pili wa kiwele umejaa hadi umekuwa mgumu kama mpira, na tangu jana jioni ng'ombe anakataa kulala chini.

"Mukwe, kuja," alisema. "Hapa hatuna mwanaume."

Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi natengeneza mizani, na kwamba katika maisha yangu sijawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Alinijibu kwa heshima ileile kwamba hakuniuliza ninajua nini.

Hapo inafaa nieleze. Huku Bushi, kwetu sisi Washi, mwanamke hakamui ng'ombe. Anamkatia majani, anamchotea maji, anaondoa samadi, anakesha naye akiumwa, anabeba maziwa mpaka sokoni na kupokea pesa zake. Lakini mkono unaogusa chuchu ni wa mwanaume. Inasemwa kwamba mkono wa mwanamke unayarudisha maziwa juu, ng'ombe anakauka, na pengine ndama anakufa. Nimeuliza watu wengi kama wamewahi kumwona ng'ombe wa namna hiyo. Hakuna aliyemwona, ila kila mmoja anamfahamu mtu aliyemfahamu mwenye ng'ombe.

Naulizauliza hivyo kwa sababu ni tabia yangu. Shule niliiacha mapema, mwaka ambao baba alifariki, na yaliyobaki nimejifunza kwenye vitabu vya Kifaransa vinavyouzwa chini, juu ya turubai, karibu na soko la Kadutu hapa mjini. Mtu akiniambia kwamba wanaume wako hivi na wanawake wako vile, sibishani. Narudi nyumbani, natafuta kitabu, na ikiwezekana najaribu mwenyewe.

Mfano mmoja ni wa mizigo. Wanawake wa kwetu hupandisha magunia kutoka bandarini hadi sokoni yakiwa mgongoni, mshipi ukipita kwenye paji la uso. Wanaume wa pale karibu na kibanda changu walishikilia kwamba shingo ya mwanamke ina mfupa mmoja zaidi, Mungu aliuweka makusudi. Nilitafuta. Mifupa ya shingo ni saba, kwa mwanaume, kwa mwanamke, na hata kwa twiga. Kisha niliazima mshipi na gunia la unga nikaenda nalo mpaka kwenye kona. Kwa wiki nzima baada ya hapo nilikuwa nikigeuka mwili wote mtu akiniita. Yule mama aliyeniazima mshipi alisema tofauti si mfupa, ni kwamba yeye alianza na bidon, dumu la maji, akiwa hajabadilisha meno.

Mfano wa pili ulikuwa wa kiti, kwenye arusi moja ya upande wa mke wangu. Unasimama mbali na ukuta kwa urefu wa nyayo zako mbili, unainama mpaka kichwa kiguse ukuta, unainua kiti kidogo hadi kifuani, halafu unajaribu kusimama. Wanawake walisimama nacho, wanaume walibaki wameinama kama wanaotafuta sindano. Mara moja wazee wakasema ni uzito wa dhambi za wanaume, na wanawake wakakubali. Mimi niliomba turudie. Nilimchukua fundi cherehani mmoja mwenye miguu midogo, akasimama na kiti bila shida. Nilimchukua dada mmoja mwenye miguu mirefu, akashindwa. Mwenye nyayo ndefu anasimama mbali zaidi na ukuta, basi uzito wake unaangukia mbele. Nyonga pana za wanawake nazo zinasaidia, sikatai, lakini sehemu kubwa ya muujiza ilikuwa kwenye viatu. Nilipomaliza kueleza, watu walikuwa wamerudi kucheza.

Basi asubuhi ile nilichukua kitabu changu kimoja cha mifugo, kisicho na jalada, na mzani wangu wa kuning'iniza, kwa sababu sitoki bila mzani. Tulipanda pikipiki watu watatu: dereva, mke wangu katikati, mimi nyuma. Njiani nilisoma sura ya kukamua, kila mara barabara iliponiruhusu kuona mstari mzima. Tulipofika nilikuwa najua kila kitu. Kidole gumba na cha shahada vinafunga chuchu juu, vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kushuka chini, mkono hauvuti, unafinya. Ilionekana rahisi kuliko kurekebisha mizani ya kilo hamsini.

Uani tulimkuta mama mkwe amesimama kando ya ng'ombe na chombo cha mti cha maziwa mkononi. Jembe lake lilikuwa limeegemezwa ukutani. Karibu na jembe alikaa mzee jirani, amevaa filimbi shingoni. Yeye ndiye msimamizi wa salongo, ile kazi ya barabara ya Jumamosi ambayo kila nyumba hutoa mwanaume mmoja. Alikuwa amepita asubuhi akipiga filimbi mlango kwa mlango, na alikuwa amempa mama mkwe ruhusa ya kuchelewa mpaka mambo ya ng'ombe yaeleweke. Zamani mzee huyu alikuwa na ng'ombe wake na aliwakamua mwenyewe. Sasa vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, havishiki hata kikombe, lakini kwenye mambo ya desturi hakuna aliyemzidi sauti.

Mtu wa tatu ndiye aliyenitia wasiwasi. Ni mchuuzi anayenunua ng'ombe wa kuchinja mjini, mtu wa buti za mpira na koti refu. Habari ya kiwele kigumu ilikuwa imemfikia kabla ya mimi. Hakuwa mkali. Aliongea kama mtu anayekuja kusaidia.

"Maman, leo natoa dola mia mbili na makumi tano," alisema. "Kesho, ile titi ikianza kunuka, utaniomba niikamate bure."

Mama mkwe alikuwa akitazama mikono yangu.

Ng'ombe huyo alikuwa ndiyo mali yake. Tangu mume wake afariki, maziwa ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni, daftari za wajukuu wanaoishi naye, na ndiyo yaliyomfanya asikae kanisani kama mtu wa kuomba msaada. Zaidi ya hapo, alikuwa ni mjukuu wa ng'ombe niliyemtoa mimi kama mahari. Kwa namna fulani nilikuwa na sehemu katika jambo hili.

Nilivua koti. Nilinawa. Nilichuchumaa upande sahihi, kama kitabu kinavyosema, nikafunga chuchu juu, nikashusha vidole. Hakuna. Nilirudia. Ng'ombe aligeuza kichwa akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaogusa mizani iliyofunguliwa. Mara ya tatu nilipata tone moja, likakaa kwenye kiganja. Mara ya nne nilipata teke. Ndoo ya plastiki tuliyoiweka kando ilipasuka, nami nikakaa kwenye samadi, mbele ya mama mkwe ambaye sijawahi hata kula ndizi mbele yake.

Alitazama pembeni, kwa adabu. Mke wangu hakutazama pembeni.

"Umezoea mizani," aliniambia. "Haina miguu."

Mzee alitoa maelekezo kutoka ukutani: polepole, juu zaidi, chini zaidi, mpigie mluzi. Nilipochoka alimwita dereva wa pikipiki, aliyekuwa akisubiri kuturudisha. Kijana yule alisema yeye ni mtu wa mjini na baba yake alikuwa mkata nywele. Mzee alimwuliza kama si mwanaume. Swali hilo halina majibu mawili, basi akaja.

"Papa, weye uko naibembeleza kama bibi-arusi," aliniambia akikunja mikono. "Hii iko kama freni. Unafinya, inasimama."

Alifinya kama mtu anayefunga breki. Ng'ombe hakusimama. Alimzungusha mpaka kwenye ua wa miti, na kwa muda tulikuwa na kazi ya kumkamata ng'ombe badala ya kumkamua. Mchuuzi naye, kwa kuwa aliombwa, alijaribu. Huyo ana mikono inayoweza kuangusha fahali. Kiwele kilibaki vilevile.

Ndipo nilipokaa juu ya jiwe na kuhesabu, maana kuhesabu kunanituliza. Tulikuwa na wanaume wanne. Mmoja alijua na hakuwa na vidole. Watatu walikuwa na vidole na hawakujua. Sifa pekee tuliyokuwa nayo wote ni ile iliyotuleta. Nilirudi kwenye kitabu nikasoma ukurasa nilioruka njiani, kwa sababu pale barabara ilikuwa na mashimo. Ulisema hivi, kwa maneno yangu: maziwa hayakai kwenye chuchu kama maji kwenye bomba. Yako juu, na ng'ombe mwenyewe ndiye anayeyaachia. Akiwa ametulia, akimwona ndama wake, akisikia sauti aliyoizoea, kuna kitu kinaingia kwenye damu yake na maziwa yanashuka. Akiogopa, kitu hicho kinazuiliwa, na hata ukiwa na mikono ya chuma hutapata kitu. Kitabu kiliongeza kwamba kwa mama anayenyonyesha ni vilevile.

Niliwasomea kwa Kiswahili. Mke wangu alisema hakuhitaji kitabu kwa hilo la mwisho. Alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, ziwa moja lilijaa likawa jiwe, na mama yake alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akamletea mtoto karibu, akamwambia aache kulia kwanza. Mama mkwe aliitika kwa kichwa. Nilikumbuka siku hizo. Mimi nilikuwa nimetumwa kununua kuni.

"Basi ng'ombe huyu anazoea sauti ya nani?" niliuliza.

Macho yao yote yalikwenda mahali pamoja. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama na pua yake kwenye kitenge cha mama mkwe.

Mzee aliona tunakoelekea, akainuka. Alisema taratibu, bila hasira, kwamba anampenda ng'ombe huyo kama wake, na kwa sababu hiyo hawezi kukubali. Mwanamke akimgusa atakauka, na siku atakapokauka watu wote wa kilima watajua ni nani aliyemkausha. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo. Akimwuza leo, mama mkwe anapoteza ng'ombe. Akimkamua na kwa sababu yoyote maziwa yakapungua, anapoteza ng'ombe na jina pia, na hakuna kitabu changu kitakachomsafisha. Nilifunga kitabu. Halikuwa jina langu.

Mchuuzi alitoa pesa mfukoni na kuanza kuzinyoosha kwenye goti. Kisha mama mkwe aligeukia ukuta, mahali jembe lilipokuwa.

"Muzee, leo asubuhi ulipiga filimbi hapa ku mulango," alisema. "Ulisema mwanaume wa nyumba hii atoke na jembe. Nani alitoka?"

Mzee alitazama filimbi yake.

"Ni weye, maman."

"Na ile posho ingine, Jumamosi iliyopita, kijana wangu akiwa analala?"

"Ni weye."

"Basi yule mwanaume ndiye atakamua."

Dereva wa pikipiki alicheka kwanza, akaziba mdomo. Mzee alifikiri. Ni mtu wa haki, na mtu wa haki akibanwa na hesabu yake mwenyewe hana pa kwenda. Angesema hapana, ingebidi pia amfute kwenye orodha ya barabara, na sehemu ya nyumba ile ni kalavati la pale kwenye kona, ambalo hakuna mwingine anayelitaka. Aliketi tena. Alisema tu, "Mulete maji ya moto."

Mke wangu alileta maji na kitambaa. Mama mkwe alikanda kiwele kwa muda, akiongea na ng'ombe kwa Mashi, lugha yetu, maneno ya kawaida kabisa: kwamba majani ya jana yalikuwa na umande, kwamba yule mpumbavu ameenda Kamituga. Ndama aliletwa mbele. Ng'ombe alimlamba, akashusha pumzi ndefu. Mama mkwe alishika chuchu vibaya kuliko mimi. Kidole gumba kilikuwa kimekaa kinyume, na nilijizuia kusahihisha. Alifinya. Mara ya kwanza yalitoka mazito, akayamwaga chini kama kitabu kinavyotaka, ingawa hakuna aliyemwambia. Mara ya pili ulitoka uzi mweupe wenye rangi ya njano kidogo, ukagonga chombo cha mti kwa sauti ndogo. Halafu mwingine. Halafu sauti ikabadilika, kwa sababu sasa yalikuwa yanaangukia maziwa.

Vidole vya mama mkwe vilichoka haraka, akawa anapumzika na kurudia. Mchuuzi alirudisha pesa mfukoni, akasubiri kidogo kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha akaaga. Kabla ya jua kufika juu, ng'ombe alilala chini.

"Tutaona kesho," alisema mzee, naye akaenda kwenye barabara yake. Mama mkwe alichukua jembe akamfuata.

Nilimwachia ule mzani wa kuning'iniza. Nilimwonyesha mke wangu, naye akamwonyesha mama yake, jinsi ya kupima chombo kikiwa kitupu, kisha kikiwa kimejaa. Makubaliano yalikuwa kwamba kila asubuhi atampigia binti yake, naye ataniambia. Kwa siku mbili ilikwenda hivyo. Siku ya tatu mke wangu alikuwa anaoga, basi simu nikaipokea mimi, na tangu hapo mama mkwe hunitajia kilo kabla hata ya salamu. Zikipanda, ananiuliza kama mzani ni mzima. Zikishuka, anailaumu mvua. Hazijawahi kufika sifuri.

Mtu mmoja pale sokoni aliniambia kwamba ng'ombe mmoja hathibitishi kitu. Ni kweli, na ningesema vilevile kama ningetaka kudai kwamba wanawake ni wakamuaji bora. Sidai. Kwa wastani mwanaume ana nguvu zaidi za kufinya, hilo vitabu vinalikubali, na vidole vya mama mkwe vilikubali pia. Ila kuna dai la aina nyingine. Mtu akisema kila ng'ombe anayeguswa na mwanamke atakauka, sihitaji kundi la ng'ombe. Ng'ombe mmoja ambaye hakukauka anatosha.

Shemeji alirudi kutoka Kamituga baada ya miezi miwili, amekonda, hana dhahabu, ana kikohozi. Alitaka kazi yake. Alipochuchumaa, ng'ombe alimpa teke lile lile alilonipa mimi, na nakiri lilinifariji. Mama yake alimwonyesha majani yanapokatwa.

Nilidhani desturi imeshindwa. Sivyo inavyokwenda. Nilipopanda kule wiki kadhaa baadaye, nilimkuta mzee akiwaeleza vijana kwamba katazo halijawahi kuwa la wanawake wote. Ni la wenye waume. Mjane anayetoka kwenye salongo anaruhusiwa, na eti hata zamani ilikuwa hivyo. Alisema kwa uhakika kiasi kwamba karibu nimwamini. Desturi haikubomolewa, iliongezewa mlango, na mlango wenyewe una upana wa mama mkwe wangu tu.

Nilimweleza mke wangu sheria hiyo mpya, kwamba yeye ataanza kukamua siku nitakapokufa.

"Basi sina haraka," alisema. "Vaa koti, kuko baridi."

Mwezi uliopita jirani wa kule juu aliuza ng'ombe wa maziwa wa umri uleule kwa dola mia sita na hamsini. Ukitoa zile mia mbili na hamsini za mchuuzi, zinabaki mia nne. Toa ndoo iliyopasuka, dola tatu. Pikipiki kwenda, kusubiri na kurudi, dola nane. Suruali yangu, ambayo haikufulika, dola tisa. Zilizookoka ni dola mia tatu themanini.